Kwa nini Wikipedia humfutia profesa alichoandika?

Timothy Messer-Kruse ni mwanahistoria wa Marekani aliyetumia miaka kumi hivi kuchimbua tukio moja: bomu lililorushwa kwenye mkutano wa wafanyakazi eneo la Haymarket, Chicago, tarehe 4 Mei 1886, na kesi iliyofuata. Kisa hiki kinatuhusu hata sisi, maana Mei Mosi yetu ya fulana za bure na kusubiri rais ataje nyongeza ya mshahara ina mizizi yake huko. Waanakisti wanane, watu wasiotaka dola yoyote, walitiwa hatiani. Wanne wakanyongwa Novemba 1887.

Bwana huyu akasoma katika Wikipedia ya Kiingereza kwamba upande wa mashtaka haukutoa ushahidi wa kuwahusisha washtakiwa na lile bomu. Mwenendo wa kesi alikuwa ameusoma mwenyewe: wiki sita mahakamani, mashahidi 118. Akaifuta sentensi ile na kueleza sababu. Baada ya dakika chache ikarudishwa. Akaonyesha nyaraka za kesi. Akaambiwa nyaraka ghafi hazitoshi, anatakiwa mtu awe ameshazichambua kitabuni. Kitabu chake kilipotoka mwaka 2011, akarudi nacho. Safari hii akaambiwa yeye ni sauti moja dhidi ya wengi. Mhariri mmoja akamfafanulia hivi: wanahistoria wote wakisema mbingu ni ya kijani na mmoja akasema ni ya bluu, Wikipedia itaandika kwamba wengi wanasema kijani, mmoja anasema bluu.

Inachekesha, lakini kuna sababu. Wikipedia, iliyoanzishwa Januari 2001, haina njia ya kujua nani yuko nyuma ya jina la mtumiaji. Mwaka 2007 ilibainika kwamba mmoja wa wahariri wake wenye madaraka makubwa, aliyejitambulisha kama profesa wa theolojia, alikuwa kijana wa miaka 24 asiye na shahada za juu alizodai kuwa nazo. Kwa hiyo huko cheo hakisaidii. Swali ni moja tu: hayo unayosema yameandikwa wapi, na nani aliyahakiki? Hata mwandishi wa riwaya Philip Roth, alipotaka mwaka 2012 kusahihisha maelezo ya chimbuko la mhusika wake mwenyewe, aliambiwa alete chanzo kingine. Akaandika barua ndefu kwenye jarida la The New Yorker. Barua hiyo ilipochapishwa, ikawa chanzo.

Hapo ndipo mgongano wa maslahi unapoingia, na watu wengi huuelewa vibaya. Kujua jambo si maslahi. Daktari wa malaria akiandika kuhusu malaria, Wikipedia inamkaribisha kwa mikono miwili. Shida huanza anapoandika kuhusu dawa aliyoibuni, hospitali inayomlipa, au nadharia ambayo jina lake limesimama juu yake.

Maslahi ya fedha ni rahisi kuyakamata kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2013 akaunti zaidi ya 250 zilifungiwa kwa kuhusishwa na kampuni moja iliyokuwa ikiandikia wateja wake makala za sifa, na tangu Juni 2014 masharti ya matumizi yanamtaka kila anayelipwa kuhariri amtaje anayemlipa. Mwenye tamaa ya pesa huacha nyayo: makala hunukia tangazo.

Msomi hanukii tangazo. Yeye hutafuta kunukuliwa, au ana ubishi wa miaka ishirini na mwenzake wa chuo kingine, na mara nyingi hata hajui kama anaupendelea upande wake. Anaamini kwa dhati kwamba anaandika ukweli mtupu. Kumwachia yeye peke yake aamue nadharia yake ipewe aya ngapi ni kesi ya nyani kupelekewa ngedere. Ndiyo maana kanuni inamruhusu kutaja kazi yake mwenyewe iwapo inahusu mada na hazidishi, na wa kupima amezidisha au la ni wengine. Hata Jimmy Wales, mmoja wa waanzilishi wa Wikipedia, alikosolewa vikali mwaka 2005 kwa kuhariri makala inayomhusu.

Kwa maoni yangu, wahariri walikuwa na kanuni nzuri wakaitumia vibaya kwa Messer-Kruse. Alikuwa amebeba mambo mawili katika mfuko mmoja. La kwanza ni kwamba mashahidi waliitwa na ushahidi ukatolewa. Hilo limo katika kumbukumbu za mahakama, wala si nadharia ya mtu. La pili ni hoja yake kwamba kesi ile haikuwa ya dhuluma kama inavyosimuliwa. Hiyo kweli ni ya wachache, na ilistahili nafasi ya wachache. Waliutupa mfuko mzima. Leo makala ile inataja vitabu vyake.

Sasa njoo kwenye Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003. Huku wakabidhi, yaani wasimamizi wa tovuti, na wahariri ni wachache, na swali likiachwa kwenye ukurasa wa Majadiliano linaweza kukaa muda mrefu bila jibu. Profesa akiandika sifa za taasisi yake, huenda hakuna atakayezifuta. Na kuna ugumu mwingine ambao kanuni za Kiingereza hazikuufikiria: lahaja za Kiswahili za Zanzibar kama Kimakunduchi au Kitumbatu zimeandikiwa na watu wachache. Mmoja wao akiambiwa alete vyanzo visivyo vyake, hana pengi pa kwenda.

Mimi ningependa aandike, ila kwa utaratibu: ajitambulishe kwenye ukurasa wake wa mtumiaji, kazi yake aiweke katika tanbihi pamoja na za wale wanaompinga, kisha aache neno kwenye Majadiliano akieleza ni sentensi zipi zinatoka kwenye utafiti wake. Atakayepita baada ya miaka mitatu, labda mwanafunzi wa Zanzibar mwenye kamusi ya bibi yake kichwani, atajua aanzie wapi kubisha.