PlayStation 3 haikuiua PlayStation 2

Wengi tumekua tukiamini kwamba kampuni hutoa mashine mpya ya gemu pale ya zamani inapododa dukani, na kwamba mpya ikishaingia, ya zamani ndiyo basi tena. Sivyo.

Tazama PlayStation 2. Ilitoka Japani Machi 2000, na kufikia mwisho wa 2005 Sony walikuwa wameshasambaza zaidi ya milioni 100. Soko lilikuwa bado moto. Hata hivyo Novemba 2006 wakaleta PlayStation 3. Kwa nini waharakishe? Microsoft walikuwa wametangulia na Xbox 360 mwaka mzima kabla, na watengenezaji wa gemu huchukua miaka kuizoea chipu mpya. Ukingoja mauzo yaporomoke ndipo uanze, umeshachelewa.

Nayo ya zamani haikuzikwa. Marekani, PlayStation 3 yenye diski ya GB 60 iliuzwa dola 599, ilhali PlayStation 2 ilikuwa dola 129. Pengo hilo ndilo lililoibakiza sebuleni kwa watu wengi, na katika vibanda vyetu vya gemu, ambako pedi zilichakaa hadi herufi zikafutika na bado foleni haikuisha. God of War II ilitoka kwenye PlayStation 2 mwaka 2007, mrithi akiwa tayari dukani. FIFA 14 nayo ilitolewa kwa mashine hiyohiyo, mwaka 2013. Uzalishaji wenyewe ulikuwa umekoma mwanzoni mwa mwaka huo tu, miaka sita baada ya mrithi kuzaliwa.