Samoni hatembei na kitambulisho cha mto

Swali ni lile lile, na mwezi huu nimeulizwa mara tatu: "Daktari, nikikuletea kipande cha samoni, mashine yako itanitajia mto aliozaliwa?" Wa mwisho kuuliza alikuwa na mnofu alionunua supamaketi Dubai, na pakiti yenyewe imeandikwa samaki wa kufugwa, Norwe.

Haitakutajia. Mto hauandiki jina lake ndani ya DNA, kwa hiyo hakuna mashine ya kulisoma. Nalisema hili kila mara, watu wanaitikia kwa kichwa, kisha wananiuliza majibu yatatoka lini.

Samoni mwitu huanguliwa kwenye kokoto za mto, hushuka baharini, na akikomaa hurudi kutaga alikozaliwa. Vizazi kwa vizazi vikirudi nyumbani, koo za mito mbalimbali huanza kuachana kidogo kidogo. Hilo neno "kidogo" ndilo watu wanaloliruka. Tuseme aina fulani ya jeni wanayo samaki 7 kati ya 10 katika mto mmoja, na 4 kati ya 10 katika mto wa jirani. Ukimkuta samaki anayo, umejua nini? Karibu hujajua kitu. Ndiyo maana tunapima mamia ya sehemu kwenye DNA yake, kila moja ikinong'ona kidogo, halafu tunakokotoa uwezekano.

Ni kama lafudhi. Mtu akisema "ndia" badala ya "njia", unajua hakulelewa Unguja mjini, lakini ni wa Lamu au wa Mombasa? Mwache aongee zaidi. Na kama masikio yako hayajawahi kukutana na Kimakunduchi, siku Mmakunduchi atakapofungua mdomo utambandika lafudhi ya karibu kati ya unazozijua, na utakosea kwa kujiamini kabisa. Programu zetu za kawaida hufanya vivyo hivyo. Zinamlinganisha samaki na sampuli za msingi, yaani zile zilizochukuliwa kwa samaki waliokutwa wakitaga kwenye mito inayojulikana. Mto usipokuwamo kwenye orodha hiyo, samaki wake atapewa mto wa jirani. Kwa hiyo mtu akikuletea jibu la maabara, usianze na asilimia. Uliza kwanza mito gani ilikuwamo.

Yule samaki wa Dubai ndiye mfano mzuri kuliko wote. Samoni wa kufugwa wa Norwe wametokana kwa kiasi kikubwa na mbegu iliyochanganywa miaka ya 1970 kutoka mito ipatayo 40. Huyo hana mto. Ukiilazimisha programu, itamzulia mmoja.

Na hata orodha ikikamilika, si kila mto unatofautika na mwenzake. Samoni aina ya chamu wa pwani ya magharibi ya Alaska, kuanzia Norton Sound hadi Kuskokwim, wanafanana mno hivi kwamba tunawaweka kapu moja. Wavuvi wa Kuskokwim hukasirika, wanataka kujua wa kwao ni wangapi. Nawaelewa, lakini siwezi kuitenganisha chumvi na maji kwa kijiko. Sokai, samoni wa aina nyingine, wa Bristol Bay huko huko Alaska ni habari nyingine, kwa sababu wengi hutaga kwenye mifumo ya maziwa na koo zao zimeachana vya kutosha. Meli ya majaribio huwavua huko Port Moller wakiwa njiani, sampuli hurushwa kwa ndege hadi maabara Anchorage, na makadirio ya wangapi wanaelekea mto Egegik na wangapi Naknek hutoka kabla samaki hawajafika, maana safari yao iliyobaki ni kama wiki moja.

Angalia: hayo ni makadirio ya kundi, si ya samaki mmoja mmoja. Kazi yetu nyingi ni ya mafungu. Chamu wanaonaswa kwa bahati mbaya na meli za kuvua poloki (samaki wa aina nyingine) Bahari ya Bering, wapo waliodhani wote ni wa Alaska. Vipimo vilionyesha kwamba miaka mingi sehemu kubwa hutoka Asia, wakiwemo wa Urusi na Japani. Jibu hilo ni imara kwa shehena nzima, hata pale ambapo samaki mmoja mmoja hatuna uhakika naye.

Dhana nyingine potofu nitazipitia haraka. "DNA inaonyesha alikopita." La, inaonyesha ukoo. Ukitaka maisha yake mwenyewe, pasua kijiwe cha sikio, kinachojijenga tabaka kwa tabaka. Mtoni Nushagak, Alaska, strontiamu (elementi iliyomo majini) ya kwenye vijiwe hivyo imesaidia kujua samaki aliishi sehemu ipi ya mto.

"Samoni wa kutotoleshwa vituoni wana DNA tofauti na wa mwitu." Mara nyingi wazazi wao walitolewa mto ule ule! Tunawatambua pale tu ambapo kituo kimepima kila mzazi, kama vilivyofanya vituo vya bonde la mto Snake, Marekani, kuanzia 2008.

"Samoni hapotei." Wachache hupotea, na heri wapotee. Vijito vya Glacier Bay, Alaska, vilivyofunuliwa na barafu iliyorudi nyuma vilipata samoni kwa njia hiyo.

"Lazima umuue." Kipande cha pezi cha ukubwa wa ukucha kinatosha, hata magamba makavu ya miaka mingi iliyopita. Mimi napenda kile kijipezi cha kwapani: kikate, kibane kwa stepla kwenye karatasi yenye vyumba vilivyopewa namba, kiache kikauke. Kila samaki chumba chake, na mkasi ufutwe kabla ya anayefuata. Fomalini usiiguse, inaharibu DNA. Niliwahi kupokea chupa moja yenye mapezi ishirini yamelowana pamoja kama dagaa wa mchuzi, na kijikaratasi: "Tafadhali tueleze kila mmoja katoka wapi."