Msaidizi wa Semina Si Mhadhiri Mdogo

Daladala inafunga breki ghafla, abiria waliosimama wanaangukia mbele. Nini kimewasukuma?

Niliwapa wasaidizi wangu wanane swali hilo Alhamisi moja jioni, kesho yake wakiwa na semina na wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Wenyewe wako mwaka wa pili na wa tatu, na wote walishafaulu somo la mekanika, yaani fizikia ya mwendo. Watano wakaandika kwamba ipo nguvu inayowasukuma abiria mbele. Binti mmoja, ambaye hakuwahi kupata A katika somo hilo, akauliza taratibu: "Mwalimu, hiyo nguvu inatoka kwa nani?"

Hakuna aliyejibu. Tulikaa karibu saa nzima juu ya swali lake, mpaka wakaona kwamba hakuna aliyewasukuma. Gari lilipunguza kasi, sakafu ikaishika miguu, na viwiliwili vikaendelea na mwendo uleule viliokuwa nao.

Nafundisha fizikia ya mwaka wa kwanza chuo kikuu, na kila muhula huwa na wasaidizi ambao bado wanasoma shahada ya kwanza. Nikikutana na wahadhiri wenzangu, huniuliza vijana hao wananipunguzia kazi kiasi gani. Kusema kweli, hawanipunguzii. Faida kubwa ninayoiona ni kwao wenyewe, na inapatikana kwenye kile kikao cha Alhamisi.

Utaratibu huu sikuubuni mimi. Nimeuchukua Chuo Kikuu cha Colorado, mjini Boulder, walikouanza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Umekaa juu ya mafiga matatu: kikao cha kila wiki na mhadhiri kuandaa mada, kozi ya mbinu za kufundisha, na kazi yenyewe darasani. Walikuwa na shabaha nyingine pia. Marekani ina uhaba wa walimu wa fizikia wa sekondari, wakatumaini kwamba kijana akishaonja kufundisha, huenda akaupenda ualimu. Kabla yao, mwaka 1973, Deanna Martin alianzisha mpango wake wa vikundi vya masomo vinavyoongozwa na wanafunzi, katika chuo kikuu cha Missouri kilichopo Kansas City. Yeye hakuwasaka wanafunzi dhaifu. Alisaka masomo magumu, na mlango ukawa wazi kwa kila aliyesajiliwa, kwa hiyo kuhudhuria hakukumwaibisha mtu. Kiongozi wa kundi, mwanafunzi aliyekwisha kulifaulu somo, hurudi kuketi kwenye mihadhara ileile aliyoisikiliza zamani.

Wazo lenyewe si geni kwetu. Pwani, ukisema mtoto yuko chuoni, wengi wataelewa yuko madrasa, na huko mkubwa aliyetangulia humsomesha aliye bado kwenye alifu kwa kijiti. Maalimu yupo hapohapo. Mkubwa akikosea, wanasahihishwa wote wawili.

Mimi muhula wa kwanza nilikosa kuwa hapohapo. Nilichagua wasaidizi kwa GPA, nikawapa majibu ya maswali, nikawaachia vyumba. Wakafanya walichoona sisi wahadhiri tunakifanya: wakaandika majibu ubaoni, wenzao wakanakili. Waliokuwa wakiogopa kushika sapu, yaani kurudia mtihani, walifurahi kupata majibu, lakini hakuna aliyejifunza, na wasaidizi wangu nao hawakujifunza. Kosa hilo lilikuwa langu.

Sasa kuna sharti moja ninalolisimamia kwa ukali: kalamu isitoke mkononi mwa mwanafunzi. Msaidizi anauliza, anasubiri, anauliza tena. Kusubiri ndiko kugumu zaidi. Kijana mmoja alikuwa akiuliza swali na kulijibu mwenyewe papo hapo, kwa sababu ukimya ulimtisha. Nilimwambia ahesabu kimoyomoyo hadi kumi. Wiki iliyofuata akaniletea habari kwamba akifika saba, kuna mtu ameshaanza kuongea.

Ili uulize swali zuri, lazima ujue mwenzako amekwama wapi, na hapo ndipo msaidizi anapogundua pale alipokwama yeye. Mwaka 1980 John Bargh na Yaacov Schul walionyesha kwamba anayesoma akijua atamfundisha mwingine hujifunza vizuri kuliko anayesoma kwa ajili ya mtihani wake tu. Mimi huliona hilo katika maandalizi: watano wale walikuwa na alama nzuri za mekanika, na bado walikuwa na nguvu isiyo na mwenyewe vichwani mwao.

Na neno "nguvu" lenyewe lina mambo. Mihadhara yetu ni kwa Kiingereza, lakini kundi la watu sita likishakaa kuizunguka meza, Kiswahili kinaingia bila kubisha hodi. Sikizuii, maana huko ndiko fikra zao halisi zinakotoka. Tatizo ni kwamba mtaani nguvu ni msukumo, ni misuli, ni nishati, hata umeme ukiwa mdogo tunasema hauna nguvu. Kwa hiyo Alhamisi huwa tunakubaliana: kani ni kile ambacho kitu kimoja hukifanyia kingine, na anayeitaja kani lazima ataje anayeitoa na anayeipokea. Kwa wengi "kani" ni neno la kamusini, lakini likishapewa kazi hiyo, ule mkanganyiko wa daladala unaonekana wazi. Sentensi haikamiliki, kwa sababu mtoaji hayupo.

Kusahihisha mitihani siwapi. Wanalala hosteli moja na hao wanaowasaidia, si haki kuwabebesha alama za rafiki zao.

Malipo bado yananiumiza. Boulder wasaidizi hulipwa. Wangu wanapata barua yangu ya utambulisho na nauli ninayoweza kuitoa, na wapo wanaoacha kwa sababu saa hizo wanazihitaji kutafuta hela ya kula. Siwezi kuliita hilo kujitolea na kuliacha hivyo. Nimeomba fungu idarani, na nitaendelea kuomba.

Alhamisi iliyopita, yule binti aliomba swali la wiki ijayo alilete yeye. Ndoo ya maji ukiizungusha kwa kasi mpaka juu ya kichwa, mbona maji hayamwagiki? Kabla sijafunga mlango, wawili walikuwa wameshaanza kubishana kama kuna kani inayoyasukuma maji kuelekea kwenye kitako cha ndoo, na yeye akawa anawauliza inatoka kwa nani.