Pakanga si dawa mseto: ufafanuzi kuhusu chai ya majani ya artemisia

Kufuatia kuongezeka kwa malalamiko yanayohusu majani makavu ya pakanga yanayouzwa minadani, katika stendi za mabasi na kwenye makundi ya WhatsApp kama tiba ya malaria, nimepewa jukumu la kutoa ufafanuzi wa kitaalamu. Nianze kwa kukubali kwamba wengi wa wauzaji na wanunuzi hawana nia mbaya. Wamesikia kwamba dawa mseto ya malaria (dawa mbili zinazotumiwa pamoja) inayotolewa zahanati asili yake ni mmea huu, na hilo ni kweli. Kosa linaanza pale mtu anapohitimisha kwamba, kwa kuwa kidonge kimetokana na jani, basi jani peke yake linatosha.

Pakanga inayohusika ni Artemisia annua, mmea wa msimu mmoja wenye asili ya China, ambao baadaye wakulima wa Kenya, Uganda na Tanzania waliulima kwa ajili ya viwanda vya dawa. Usichanganywe na Artemisia afra, ndugu yake anayeota nyanda za juu za Afrika, ambaye ni kichaka cha kudumu chenye mafuta ya harufu kali, ikiwemo kafuri na thujoni, lakini artemisinini, yaani kiini kinachoua vimelea vya malaria, ama hana kabisa ama anayo kwa kiasi kisichofaa kwa tiba. Thujoni ikizidi mwilini inaweza kuleta degedege. Pakiti kadhaa tulizoletewa zimeandikwa «artemisia» tu, kana kwamba jina la ukoo linatosha kumtambulisha mtoto.

Artemisinini ndiyo kiini cha habari yote hii. Molekuli yake ina kaboni 15, hidrojeni 22 na oksijeni 5, na oksijeni mbili kati ya hizo zimeshikana zenyewe kwa zenyewe, muungano ambao wanakemia huuita daraja la peroksidi. Kimelea cha malaria hula himoglobini ya damu na kwa kufanya hivyo huachia chuma. Chuma hicho hulivunja daraja lile, na vipande vinavyotokea hushambulia protini za kimelea chenyewe. Daraja likivunjika mapema, kwa moto kwa mfano, kinachobaki hakina nguvu hiyo. Tena artemisinini huyeyuka kwa shida sana katika maji, na ndiyo maana viwanda huikamua kwa vimiminika vya aina nyingine.

Wanaotuambia kwamba «Wachina waliitumia miaka mingi» wangefanya vyema kuisoma habari hiyo mpaka mwisho. Tabibu Ge Hong, aliyeishi China katika karne ya 4, aliagiza konzi ya qinghao, jina la Kichina la pakanga, iloweshwe majini, ikamuliwe na maji yake yanywewe. Hakuagiza ichemshwe. Mtafiti Tu Youyou, aliyekuwa katika mradi wa serikali ya China ulioanza mwaka 1967, aliposoma maelekezo hayo alishuku kwamba joto ndilo lililokuwa likiharibu dawa, akabadili njia na kutumia etha, kimiminika ambacho huchemka kwa joto dogo. Mwaka 1971 dondoo lake liliangamiza vimelea vyote katika panya wa majaribio, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Huku kwetu majani yanatokoswa mpaka maji yanakuwa meusi, kisha jina la mama huyo linatajwa kama ushahidi.

Sasa hesabu. Artemisinini katika majani makavu inaweza kuwa asilimia 0.1 au ikapita asilimia 1, kutegemea mbegu, wakati wa kuvuna na namna ya kukausha. Gramu 5 za majani yenye asilimia 0.2 zina miligramu 10, hata kama zote zingeingia kikombeni, jambo ambalo halitokei. Matabibu waliowahi kutumia artemisinini tupu waliwapa watu wazima mamia ya miligramu kwa siku, na bado malaria iliwarudia wagonjwa wengi, kwa sababu dawa hii hutoka mwilini ndani ya saa chache, na ikitumiwa mfululizo huuchochea mwili kuivunja haraka zaidi. Hiyo ndiyo sababu ya neno «mseto»: artemeta, inayotengenezwa kutokana na artemisinini, hupunguza vimelea kwa kasi, na lumefantrini, inayokaa mwilini kwa siku kadhaa, humalizia vilivyobaki. Mgonjwa aliyekunywa chai na kupata nafuu siku ya pili amepunguza homa, hajapona.

Kunywa dozi pungufu kunatuumiza sote, kwa kuwa vimelea vinavyobaki huweza kuwa sugu kwa dawa. Tanzania Bara iliacha klorokwini mwaka 2001 kwa sababu ya usugu, ikahamia SP (sulfadoksini na pirimethamini), na kufikia mwishoni mwa mwaka 2006 ilikuwa inaingia kwenye dawa mseto. Dalili za usugu dhidi ya artemisinini zimekwisha kuthibitishwa Rwanda na Uganda, na mabadiliko ya vinasaba yanayohusishwa na usugu huo yameonekana kwa vimelea mkoani Kagera. Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2019 kwamba haliungi mkono matumizi ya majani, chai au unga wa artemisia kwa malaria.

Kuhusu kauli kwamba dawa ya asili «haina kemikali», sijui nianzie wapi. Aya ya tatu ya makala hii nzima ni kemikali. Wala si kweli kwamba serikali inapiga vita dawa za asili, kwani utafiti wa dawa hizo ulianzishwa Muhimbili mwaka 1974.

Anayetaka kutoa huduma ya tiba asili kihalali kwanza husajiliwa yeye mwenyewe: hujaza fomu, ikapita kwa mtendaji wa kijiji au mtaa na kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri, kisha ikafika Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 2002. Dawa nayo husajiliwa peke yake, na sampuli hupimwa katika maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Usajili wa mganga si usajili wa dawa, na leseni ya biashara si mojawapo kati ya hivyo viwili, wala TIN, yaani namba ya mlipakodi. Nasisitiza kwa kuwa hatupiti muda mrefu bila mtu kutuonyesha TIN. Aidha, majibu ya maabara kwamba unga hauna sumu hayasemi kwamba unatibu. Bidhaa isiyosajiliwa hukamatwa, huorodheshwa, mmiliki husaini na kupewa nakala, na ikiamriwa iteketezwe, gharama ni zake. Shauri likifika mahakamani, kuna faini, kifungo au vyote viwili.

Mwenye homa apime kwanza, na akikutwa na malaria amalize dozi zote sita za dawa mseto ndani ya siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Aliyekwisha kunywa chai akadhurika amweleze mtoa huduma ili fomu ya njano, ya kuripoti madhara ya dawa, ijazwe, na pakiti asiitupe, kwa sababu bila pakiti maabara haina cha kupima.