Tezi dume haipimwi kwa tenti

Juzi tena. Nimetoka sala ya Ijumaa, nimekaa barazani Kibokoni, hapa Malindi, kikombe cha kahawa hakijafika mdomoni, ami mmoja ananigeukia: "Daktari, nyinyi wavivu. Polio mlipita nyumba kwa nyumba mkamaliza watoto wote kwa siku chache. Hii saratani ya tezi dume inawashinda nini? Wekeni tenti uwanjani, wanaume wote watolewe damu, mambo yaishe." Baraza zima likaitikia kwa vichwa. Nikanywa kahawa yangu, nikasema inshallah, nikaenda zangu.

Lakini nimeyasikia haya barazani, mikutanoni, hata kwa madaktari wenzangu ambao hawana kisingizio. Basi leo naandika. Ami, ukisoma, ujue hatuna ugomvi.

Chanjo ya polio ni matone mawili mdomoni, na mtoto akiondoka, kazi ya siku ile imekwisha. Mwanamume akipimwa PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, anaondoka na namba, na kazi yote iko nyuma ya ile namba: nani ataisoma, nani atamrudia, atapelekwa wapi, lini aitwe tena, na lini tuache kumwita.

PSA ni protini ya tezi yenyewe, hata tezi isiyo na ugonjwa inaitoa. Tezi ikivimba kwa uzee, PSA inapanda. Ukiwa na maambukizi ya mkojo, inapanda sana. Ukiwekwa mpira wa mkojo, inapanda. Ukilala na mkeo usiku wa kuamkia kipimo, inaweza kupanda kidogo, na hapa ndipo baraza hucheka. Anayemeza finasteride, dawa ya kupunguza tezi iliyovimba, PSA yake inashuka karibu nusu, kwa hiyo huyo ndiye anayetupita kimyakimya. Kuamka usiku kukojoa mara nyingi ni tezi kuvimba tu, maana saratani changa kwa kawaida haisemi kitu. Tuendelee.

Mwaka jana alinijia babu kutoka upande wa Mambrui. Akavua kofia yake ya vito, akatoa ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nne, imefungwa kwenye kipande cha nailoni cha zamani, kile cha kabla ya marufuku. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu: PSA 6.8. Basi. Hakuna jina la mpimaji, hakuna simu. Alipimwa kwenye kambi ya siku moja, miaka miwili nyuma, wiki ambayo mkojo ulikuwa ukimchoma kama pilipili. Akaambiwa "iko juu, muone daktari", na jioni tenti ikang'olewa. Mzee akarudi nyumbani, akawagawia wanawe minazi, kwa kuwa alijihesabu maiti. Nikapima mkojo, safi. Nikarudia PSA, 2.4.

"Kwa hiyo siumwi?"

"Huumwi, babu."

Akanyamaza kitambo, kisha akauliza: "Na minazi?"

Mmoja wa wanawe alikuwa ameshauza fungu lake.

Sasa, ami anataka siku moja. Hilo limeshajaribiwa. Kule Uingereza, katika utafiti unaoitwa CAP, waliingizwa wanaume zaidi ya 400,000 wa miaka 50 hadi 69, na sehemu yao wakaalikwa kupimwa PSA mara moja tu. Baada ya miaka 10 hapakuonekana tofauti ya vifo vya saratani hii. Baada ya miaka 15, waliokufa nayo kwenye kundi lililoalikwa walikuwa asilimia 0.69, na kwenye kundi jingine 0.78. Ni tofauti ya watu 9 kwa kila 10,000. Kweli, wengi wa walioalikwa hawakuja kupimwa, na hilo lazima tulikubali. Lakini hata hapa wengi hawatakuja, ami. Wewe mwenyewe nilikualika Machi.

Wale waliorudia kupima ndio waliopata kitu. Utafiti mkubwa wa Ulaya, ERSPC, uliwafuata wanaume takriban 162,000 wa miaka 55 hadi 69, katika nchi nyingi wakiitwa kila baada ya miaka 4, Sweden kila baada ya 2. Baada ya miaka 9, ilibidi kualika wanaume 1,410 ili kuzuia kifo kimoja. Baada ya miaka 23, hesabu ikashuka hadi 456. Faida ipo, ila inakuja kwa mwendo wa kobe, nayo ina bei: kwa kila aliyeokolewa, wanaume 12 zaidi waliambiwa wana saratani. Mmoja kaokoka. Wale wengine wamebeba jina, na baadhi yao wakakatwa tezi au wakachomwa mionzi, wakabaki na mkojo unaovuja na mambo ya chumbani yamekwisha, bila kuongezewa hata siku moja. Isitoshe, karibu vipimo 16 kwa kila 100 vilikuwa juu ya mpaka wa kutia shaka, na katika waliotolewa kipande cha nyama ya tezi kikapimwe kwa sababu hiyo, robo tatu hawakuwa na saratani.

Hapa nina langu la kukiri. Wako wanaume niliowapeleka kwenye kisu ambao najua, kwa hesabu, wangezeeka na saratani yao na kufa kwa jambo jingine. Siwezi kukuonyesha ni yupi. Yeye ananishukuru kila tukionana sokoni, nami napokea shukrani na embe zake. Utafiti wa ProtecT wa Uingereza uliwalinganisha waliopasuliwa, waliopigwa mionzi na waliofuatiliwa kwa karibu tu. Kwa miaka 15, waliokufa na saratani hiyo walikuwa karibu 3 kwa kila 100, kundi lolote lile. Mwambie mtu wa Malindi "una kansa, tutaitazama tu", uone atakavyokutazama wewe.

Linalonikera kuliko yote ni hili: watu wanadhani tuna chaguo la kupima au kutopima. Kupima kunaendelea, ila ovyo. Mzee wa miaka 82, amelala kitandani kwa kiharusi, mwanawe wa Nairobi anamlipia PSA kila mwaka ndani ya ule uchunguzi wa mwili mzima. Nikiona majibu yale natamani kuyatia mfukoni. Fundi wa miaka 52, mwenye nguvu zake, ambaye babake alikufa na saratani hiyohiyo, hajawahi kupimwa. Waswidi waliona kichekesho hichohicho kwao. Hawakutangaza upimaji rasmi wa taifa zima; mwaka 2020 mikoa miwili, Skåne na Västra Götaland, ilianza kuwapelekea barua wanaume wa miaka 50. Barua inaeleza faida na madhara, na mtu anaamua. PSA ikifika 3, anapigwa picha ya MRI kwanza, na nyama inatolewa pale penye sababu. Aliye chini ya 1 anaachwa apumue miaka mingi zaidi kuliko mwenzake wa 2. Yote yamo kwenye kompyuta, kila mtu na namba yake.

Sasa lete hilo Malindi. Usajili wa SHA, ile bima ya afya ya serikali iliyoanza badala ya NHIF Oktoba 2024, umetupa mwanzo wa orodha yenye umri. Mwanzo tu, kwa sababu vitambulisho vya wazee wengi hapa vina tarehe ya kukisia, na nusu ya mtaa ilizaliwa tarehe 1 Januari. Simu ni ya mke, au ya mjukuu, au laini imeshabadilishwa. Mohamed Ali ninao wanne kwenye faili. Wavuvi wanafuata upepo: ukimwita kaskazi, yuko Kiunga. MRI kwa wagonjwa wangu wengi ni safari ya Mombasa, kilomita 120, na nauli ya mtu wa kumsindikiza. Tenti haijibu hata moja kati ya haya.

Tena mpaka wa 3 ulipimwa kwa wazungu. Uingereza mwanamume mweusi mmoja kati ya 4 hupata saratani hii maishani, mweupe ni mmoja kati ya 8. Ukiniuliza sisi tuanze umri gani, nitakwambia 45, na sauti itatetemeka kidogo. Ukiniuliza tuache lini, haitetemeki: mwenye miaka 75 asiye na dalili, mwache anywe kahawa yake.

Mimi nina daftari moja la kurasa 200. Jina, jina la baba, mtaa, namba mbili za simu, PSA, na safu ya mwisho imeandikwa "aitwe lini". Alhamisi napiga simu. Wiki hii wapo 14, na wawili hawapatikani hadi upepo ugeuke.