Jubaland: Nchi Iliyotolewa Kulipa Deni la Vita ya Wazungu

Mapigano yanapozuka Gedo au Kismayo, katika Jubaland ya kusini mwa Somalia, au bomu linapolipuka Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, maelezo yanayokuja haraka ni ukabila, dini na umaskini. Vyote hivyo vipo, wala sivikatai. Lakini anayetaka kuelewa kwa nini Kismayo iko Somalia na Garissa iko Kenya, ilhali pande zote mbili kuna watu wa koo zilezile, lugha ileile na malisho yaleyale, hana budi kuanzia London, tarehe 26 Aprili 1915.

Siku hiyo Uingereza, Ufaransa na Urusi zilitia saini mkataba wa siri na Italia. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa haijatimiza mwaka, na Italia, iliyokuwa imefungamana na Ujerumani na Austria kabla ya vita, ilikuwa bado imekaa pembeni ikipima nani atampa zaidi. Sehemu kubwa ya mkataba ilihusu Ulaya: Trentino, Trieste, pwani ya Dalmatia. Kifungu cha 13 kilihusu Afrika. Kilisema kwamba iwapo Uingereza na Ufaransa zitapanua makoloni yao ya Afrika kwa kuchukua ya Mjerumani, Italia itakuwa na haki ya kudai fidia, hasa katika mipaka ya makoloni yake ya Eritrea, Somalia na Libya.

Kifungu hicho kinatuhusu Waafrika Mashariki kuliko wengi wanavyodhani. Koloni kubwa la Mjerumani upande huu lilikuwa nchi ambayo leo ni Tanzania Bara, Rwanda na Burundi. Kwa maneno mengine, Mwingereza akiichukua Dar es Salaam, Mwitalia naye lazima apewe kitu. Wakati huohuo makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walikuwa wakifa kwa maradhi na njaa katika kampeni ya kumfukuza Mjerumani. Hakuna aliyewaambia kwamba ushindi wao ungeandikiwa hati ya malipo kwa nchi ya tatu. Hata raia wa Ulaya hawakujua, mpaka Wabolsheviki walipoupindua utawala wa Urusi mwishoni mwa 1917 na kuzichapisha nyaraka za siri walizozikuta.

Vita vikaisha. Tanganyika ikawekwa chini ya Uingereza kama nchi ya udhamini ya Ligi ya Mataifa, na Italia ikaja na kifungu chake mkononi. Mazungumzo yalichukua miaka, kwani Waingereza walitaka kuyafunganisha na mambo mengine ya Ulaya. Hatimaye, tarehe 15 Julai 1924, mkataba ulitiwa saini, na mwaka uliofuata nchi ya Jubaland, iliyo magharibi ya mto Juba, Kismayo ikiwemo, ikakabidhiwa Italia: kilomita za mraba zipatazo 87,000, zilizokatwa kutoka Koloni la Kenya. Waitalia waliiita Oltregiuba, wakaitawala peke yake kwa mwaka mmoja, kisha wakaiunganisha na Somalia yao. Hakukuwa na baraza la wazee lililoulizwa, wala kura.

Biashara ya namna hii haikuanza hapo. Kismayo, Barawa, Merka na Mogadishu zilikuwa bandari zilizotambuliwa kuwa za Sultani wa Zanzibar katika makubaliano ya mwaka 1886 kati ya Uingereza, Ujerumani na Ufaransa, ambapo Sultani alibakishiwa ukanda wa maili kumi tu wa pwani. Mwaka 1891 Uingereza na Italia zikakubaliana kwamba mpaka wa maeneo yao upite katikati ya mto Juba, na ndipo Kismayo ikabaki upande wa Mwingereza. Bandari za Benadir, yaani Barawa, Merka na Mogadishu, zilikodishwa kwa Italia mwaka uliofuata, kisha zikauzwa moja kwa moja mwaka 1905. Bara nako, mwaka 1897, mjumbe wa Uingereza Rennell Rodd alikwenda kwa Mfalme Menelik wa Ethiopia, aliyekuwa ametoka kuwashinda Waitalia pale Adwa. Uingereza ilikuwa ikipigana na Wamahdi wa Sudan na kuihofia Ufaransa kwenye Nile, hivyo ilitaka Menelik asimsaidie adui. Ikamwachia sehemu ya malisho ya Wasomali, licha ya kwamba miaka kumi na kitu nyuma ilikuwa imeandikiana mikataba ya himaya na koo zao.

Mto Juba, mpaka wa zamani, una maji, na watu hukutana mtoni. Mpaka mpya wa 1925 ulikuwa na tabia nyingine: ulisukumwa magharibi hadi kwenye nyika kavu, ukafuata kwa sehemu kubwa mstari wa longitudo ya 41 mashariki. Tume ya wapima ardhi ilipita ikisimika bikoni, yaani nguzo za mpaka, kutoka Mandera hadi baharini. Mfugaji aliyekuwa akifuata mvua na visima sasa alikuwa akivuka kutoka dola moja hadi nyingine. Mandera ikabaki Kenya na Bula Hawa, jirani yake kabisa, ikawa Somalia. Pwani, Wabajuni wa Kiunga wakawa raia wa Kenya, na ndugu zao wa Ras Kamboni na visiwa vya Chula, Koyama na Chovai wakawa wa Somalia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoikumba Somalia baada ya 1991, wengi wa Wabajuni hao walikimbilia Kenya, wakaingia kama wakimbizi katika pwani inayozungumza lugha yao.

Upande wa Kenya, Waingereza waliifanya wilaya ya kaskazini kuwa eneo lililofungwa: sheria ya mwaka 1934 iliwapa maofisa mamlaka ya kuzuia watu kuingia na kutoka, na kuadhibu ukoo mzima kwa kosa la mmoja. Uhuru ulipokaribia, tume ya watu wawili, mmoja kutoka Nigeria na mwingine kutoka Kanada, ilitumwa mwaka 1962 kuuliza wakazi wanataka nini. Ikaripoti kwamba Wasomali wa huko, walio wengi, walitaka kujiunga na Somalia. Machi 1963 London ikatangaza kinyume chake: eneo lingekuwa mkoa wa saba wa Kenya. Somalia ikavunja uhusiano na Uingereza. Hapa ndipo ninapoona kosa kubwa kuliko yote. Kuwauliza watu kisha kuyatupa majibu yao kunaacha uchungu kuliko kutowauliza kabisa.

Vita vilivyofuata, vya walioitwa mashifta, yaani Wasomali waliotaka kujitenga na Kenya, viliendelea hadi makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967, Rais Kenneth Kaunda wa Zambia akiwa msuluhishi. Lakini sheria za hali ya hatari zilibaki kaskazini hadi 1991, na Februari 1984 wanaume wa Wajir walikusanywa kwenye kiwanja cha ndege cha Wagalla na wengi wakauawa na askari wa serikali yao. Wakoloni walikuwa wameondoka miaka ishirini kabla. Uamuzi huo ulifanywa na Wakenya, kama vile uvamizi wa Ogaden, eneo la Wasomali lililo Ethiopia, wa Julai 1977 ulivyokuwa uamuzi wa Rais Siad Barre wa Somalia mwenyewe. Mataifa makubwa yalimwaga silaha tu: Urusi ya Kisovieti, rafiki wa Somalia, ikageuka na kuisaidia Ethiopia pamoja na majeshi ya Kuba, Marekani nayo ikahamia upande wa Somalia na kupata kituo Berbera mwaka 1980. Silaha hizo hazikurudi zilikotoka. Dola ya Somalia ilipoanguka, zilibaki mikononi mwa watu.

Mkataba wa 1924 bado unafanya kazi. Mwaka 2014 Somalia iliishtaki Kenya mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, kuhusu mpaka wa baharini, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 100,000 lenye samaki na matumaini ya mafuta. Kabla ya kuchora mstari wowote majini, majaji walilazimika kujua nchi kavu inaishia wapi. Jibu lilitoka kwenye mkataba huohuo wa Mwingereza na Mwitalia na kazi ya wapima wao: bikoni kuu namba 29, mahali panapoitwa Dar es Salam karibu na Kiunga. Hukumu ilitolewa tarehe 12 Oktoba 2021. Mahakama iliikataa hoja ya Kenya kwamba mpaka ufuate mstari wa latitudo, ikachora mstari ulio karibu zaidi na dai la Somalia. Nairobi ikatangaza kwamba haiitambui hukumu hiyo, Mogadishu ikaipokea kama ushindi, na wavuvi wa pande zote mbili wanaendelea kutupa nyavu katika maji ambayo serikali zao hazijakubaliana ni ya nani.