Jina la lehemu limetuponza

Wiki hii nimetumiwa tena ile picha. Bomba limekatwa katikati, ndani limejaa kitu cha njano mfano wa siagi, na chini yake maandishi: kunywa maji moto na ndimu kila alfajiri, mafuta yote yaliyoganda kwenye mishipa yatayeyuka. Safari hii aliyeituma ni shangazi yangu, na akaongeza kwamba ameshaacha vile vidonge vyake vya usiku vya kushusha kolesteroli, maana ndimu "haina kemikali". Ingetumwa na mtu baki ningecheka na kuifuta.

Mimi si daktari wa kutibu. Ni mtu wa maabara, kazi yangu ni kulisha seli za endothelia, zile zinazotanda ndani ya mishipa ya damu, na kuzitesa kwa mafuta yaliyooksidishwa, yaani yaliyochachishwa na oksijeni. Shangazi hutumia hoja hiyo kunishinda, kwa hiyo naitaja mapema.

Nadhani jina lenyewe limetuponza. Fundi redio akisema lehemu anamaanisha ule waya laini anaouyeyusha kwa moto ili aunganishe nyaya. Neno hilohilo tukalibandika kwenye kolesteroli, na mtu akilisikia anaona kitu kilichoganda kinachosubiri joto. Kolesteroli safi huyeyuka kwenye nyuzi joto 148. Damu yako ikifika huko, mishipa ndiyo itakuwa shida yako ndogo kuliko zote. Hayo maji moto yakishaingia kwenye damu yana nyuzi 37 kama kila kitu kingine humo.

Watu wa bomba huwa nawauliza swali moja: mbona vena, mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, haziugui ugonjwa huu? Damu inayopita kwenye ateri, mishipa inayoitoa moyoni, ndiyo hiyohiyo inayorudi kupitia vena, na kolesteroli yake. Ingekuwa ni mafuta kunata tu, vena zingeziba kwanza, kwa sababu huko msukumo ni mdogo. Haziugui. Lakini chukua vena ya mguu, uishone kwenye moyo kama wanavyofanya kwenye upasuaji wa baipasi, na baada ya miaka kadhaa vena hiyo nayo inaweza kuota plaki, yaani uvimbe wenye mafuta ndani ya ukuta wake. Damu haikubadilika, umebadilika msukumo na kazi ya ukuta. Na kwenye ateri zenyewe ugonjwa hauenei sawasawa kama masizi kwenye sufuria. Unachagua njia panda, pale ateri ya shingoni inapogawanyika, mahali damu inapojizungusha badala ya kunyoosha njia. Mwaka 1987 Seymour Glagov na wenzake walionyesha jambo ambalo bado linawashangaza watu: plaki inapokua ndani ya ukuta, ateri ya moyo hutanuka kwa nje, hivyo nafasi ya damu haipungui sana mpaka plaki ifikie kama asilimia 40 ya eneo. Nionyeshe bomba la sinki linalofanya hivyo.

Mambo yenyewe, basi, yanatokea ndani ya ukuta. Endothelia ni safu ya seli moja tu, imetandikwa ndani ya mishipa yote. LDL, kitufe cha nanomita 20 na ushee kinachobeba kolesteroli kwenye damu, huvushwa kuipita safu hiyo, na mara nyingi seli zenyewe ndizo zinazoibeba upande huu hadi ule. Ikifika ng'ambo inanaswa na proteoglikani, molekuli za protini na sukari zilizomo ukutani. Ikikaa sana, mafuta yake huanza kuchacha, kwa kemia ileile ya mafuta ya alizeti yaliyoachwa wazi juani. Nani anayachachisha? Mwaka 1981 Henriksen, Mahoney na Steinberg waliilaza LDL pamoja na seli za endothelia, kisha wakawapa makrofeji, seli za kinga zinazomeza taka. Waliibugia. LDL ambayo haikukaa na seli hizo hawakuichangamkia hivyo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kinachofuata kimo kwenye kila kitabu, kwa hiyo napita haraka. Mafuta hayo hupokelewa na LOX-1, kipokezi kilichoelezwa na kikundi cha Sawamura mwaka 1997, na si hicho peke yake. Nitriki oksidi, ile gesi ya kulegeza mshipa iliyowapa Furchgott, Ignarro na Murad tuzo ya Nobeli mwaka 1998, inapungua. Kimeng'enya kinachoitengeneza kinaharibikiwa, kikaanza kumwaga superoksidi, oksijeni ya aina inayodhuru. Seli inatoa MCP-1 kuwaita monositi, seli za kinga zinazotembea kwenye damu, na kuchomoza VCAM-1 ya kuwanasa. Wanaingia, wanageuka makrofeji, wanameza mpaka wanakuwa seli povu.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi, na hapa nawasema wenzangu. Tunaandika "LDL iliyooksidishwa" kana kwamba ni kitu kimoja, kama chumvi ya dukani. Ni ukoo mzima. Kikundi cha Judith Berliner kule Los Angeles kilionyesha mwaka 1990 kwamba LDL iliyochacha kidogo tu, ambayo bado inatambuliwa na kipokezi cha kawaida cha LDL, tayari inazifanya seli za endothelia zishike monositi. Ukiichachisha sana, kipokezi cha kawaida hakiitambui tena, na tabia yake ni nyingine kabisa. Ndani ya kitufe kimoja mna aina nyingi za fosfolipidi, mafuta yenye fosfati. Moja tu, PAPC, ikioksidishwa huzaa bidhaa chungu nzima, na kila moja ina maneno yake kwa seli.

Halafu kuna kipimo. Mimina PAPC iliyooksidishwa kwa wingi kwenye safu ya endothelia na mishono kati ya seli inafumuka, maji yanavuja. Punguza kipimo, na mishono hiyohiyo inakaza kuliko ilivyokuwa mwanzo. Mwaka 2002 Bochkov na wenzake, Vienna, waliripoti kwamba fosfolipidi zilizooksidishwa huzuia seli zisiitikie sumu ya bakteria, na zikawakinga panya. Aidha zinaiamsha Nrf2, protini ambayo huwasha jeni za kujihami. Kwa hiyo mwanafunzi anayeniandikia kwamba mafuta yaliyooksidishwa "ni sumu kwa endothelia", nikimuuliza yapi, kiasi gani, kwa muda gani, namkuta ameinamisha kichwa. Seli inayapokea kama habari, wakati mwingine ya kutisha, wakati mwingine ya kuonya tu, na inaamua.

Na mimi mwenyewe nina ya kuungama. LDL yangu huichachisha kwa shaba, njia rahisi na ya zamani, ingawa hakuna mtu anayetembea na shaba kiasi hicho ndani ya ateri. Seli zangu hutoka kwenye vena ya kitovu cha mtoto mchanga. Ndiyo, vena, ileile niliyosema haiugui, tena ya binadamu ambaye hajawahi kula chipsi. Nazilaza kwenye sahani tulivu, bila msukumo wa damu, kisha naandika makala kuhusu ateri ya mzee wa miaka 60. Kuna usiku jambo hili hunikosesha usingizi.

Shaka kubwa zaidi ni ya vitamini E. Kama kuchacha ndiko kiini cha ugonjwa, dawa ya kuzuia kuchacha ingesaidia. Utafiti wa HOPE, mwaka 2000, uliwapa vitamini E nusu ya watu zaidi ya 9,000. Haikuleta nafuu. Mwaka 2002 Uingereza walichapisha Heart Protection Study, watu 20,536: vitamini E, C na beta-karotini, patupu, wakati katika utafiti huohuo simvastatini, dawa ya kushusha kolesteroli, ilipunguza mshtuko wa moyo, kiharusi na upasuaji wa mishipa kwa karibu robo. Wapo wanaosema vitamini haikufika pale inapotakiwa, au ilichelewa. Wapo wanaosema kuchacha ni moshi tu, moto ni LDL kukwama ukutani. Zamani ningekubishia mpaka asubuhi. Siku hizi naegemea upande wa pili kwa thuluthi mbili hivi, na hiyo thuluthi iliyobaki ndiyo inayonilipa mshahara.

Nilimpigia shangazi. Nikamwambia ndimu aendelee nayo, ni tamu kwenye chai, ila vidonge alivyoandikiwa vinaifanya LDL iwe chache kwenye damu, na isiyoingia ukutani haina pa kuchachia. Arudi kwa daktari wake kabla ya kuamua lolote. Akanyamaza, kisha akauliza: "Na haya mafuta ya kukaangia mara kwa mara, mwanangu?"

Swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa kwenye makongamano. Mafuta yaliyochemshwa na kurudiwa yana aldehidi na asidi mafuta zilizokwisha kuoksidika, na sehemu yake hupita utumbo na kuonekana kwenye kilomikroni, vitufe vinavyobeba mafuta ya chakula kwenye damu, baada ya mlo. Kama kiasi hicho kinatosha kuusumbua ukuta wa ateri ya binadamu, siwezi kuapa. Nikamwambia yakishakuwa meusi na mazito ayamwage.

Akajibu kwamba yeye hayarudii, anayerudia ni yule kijana wa mihogo pale kituoni. Sikubishana naye. Naijua ile mihogo, na nilikuwa nimeila jana yake.